Kompyuta Inasema Amefika

Ni saa nne asubuhi na nje bado giza totoro. Ndani ya chumba cha kusubiria ndege cha Nuvukjuaq, kijiji cha Wainuit kaskazini kabisa mwa Kanada, Leetia Qaumariaq amepiga magoti sakafuni anamfunga Saimata kamba za viatu. Saimata mwenyewe hajaviona viatu vyake tangu Krismasi.

“Tulia basi, mtoto wewe. Ukicheka hivyo utazalia hapa hapa.”

“Nizalie hapa,” Saimata anamjibu. “Kwani ni mimi niliyeomba kwenda?”

Leetia anakaza fundo, anainuka akishikilia kiuno. Ana miaka arobaini na mitatu na watoto wanne, na kwa miaka kumi na moja amekuwa karani wa safari za wagonjwa katika zahanati ya kijiji. Yeyote anayehitaji hospitali hupitia kwenye meza yake. Fomu anajaza yeye, simu anapiga yeye, na asubuhi ya safari huja uwanjani kuhakikisha mtu amepanda na kofia yake kichwani. Hilo la kofia halimo kwenye mkataba wake wa kazi.

Saimata Ittuq ana miaka ishirini na miwili na mimba ya kwanza, wiki ya thelathini na sita. Leo anatakiwa kuruka hadi Ottawa, mji mkuu kule kusini, akae mwezi mzima kwenye hosteli ya wagonjwa, ajifungue kati ya watu asiowajua, kisha arudi na mtoto ndani ya kofia pana ya koti lake. Ndivyo wanavyofanya wanawake wote wa Nuvukjuaq. Kijiji kina watu mia sita na arobaini, kina wauguzi watatu, na hakina hata kitanda kimoja cha kuzalia.

Pembeni yao, bibi yake Saimata, Ooleepika, amekalia begi. Begi limefungwa tangu jana. Tiketi hana.

“Bibi, umekatazwa kusafiri,” Leetia anamkumbusha, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kukumbusha.

“Nimekatazwa kusafiri. Kukaa sijakatazwa.”

Jaypeetee, anayepima mizigo, anamwita Saimata kwenye mizani. Ndege za huku ni ndogo, abiria hupimwa kama magunia.

“Kilo themanini na moja,” anasoma.

“Mimi au begi?”

“Wewe, begi, na mama yake bibi.”

Chumba kizima kinacheka, hata Ooleepika. Lakini Jaypeetee hakusema utani mtupu. Mama yake Ooleepika, marehemu Qaunaq, alifariki mwezi wa nane, na mtoto aliye tumboni atakuwa wajina wake. Kwa watu wa hapa wajina si jina la kuandikwa kwenye cheti tu. Mtoto akipewa jina la marehemu, ni marehemu amerudi nyumbani. Ooleepika, mwenye miaka sitini na mitatu, ataliita hilo toto “mama” maisha yake yote, na amekwisha kuanza.

“Mama, tulia humo,” analiambia tumbo la mjukuu wake. “Uliniletea shida hivi hivi ulipokuwa mzima.”

Kinachomkalisha juu ya begi ni hicho tu. Anataka awe pale mtoto anapotoka, alitamke jina kwa mdomo wake kabla mtu mwingine hajampa mtoto jina lolote. Ofisi ya safari kule kusini imemjibu kwa barua ya mistari minne. Leetia ameikunja mfukoni, ameikunjua mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo:

“Umbali: kilomita 2,840. Muda wa safari kwa ndege: saa 4 dakika 35. Msindikizaji huruhusiwa endapo safari inazidi saa nane. Ombi limekataliwa.”

“Saa nne na dakika thelathini na tano!” Leetia anasema, na kila anapozitaja hizo dakika sauti inapanda. “Muulize Jaypeetee. Ndege hiyo iko wapi? Inaegeshwa wapi?”

Ndege hiyo haipo. Haijawahi kuwepo. Kompyuta ya ofisi imechukua uwanja wa Nuvukjuaq na uwanja wa Ottawa, ikapiga mstari mmoja kati yao, ikagawanya umbali kwa mwendo wa ndege kubwa, basi. Ndege halisi hubeba watu tisa. Huja mara tatu kwa wiki hali ya hewa ikipenda, hutua kwenye changarawe, huenda kwanza Iqaluit, mji mkubwa wa karibu, na huko abiria hushuka kungoja ndege nyingine ambayo mara nyingi imekwisha kuondoka. Haya yote ofisi inayajua. Leetia ameyaandika kwa barua saba.

Na bibi akitaka kujilipia? Tiketi ya kwenda na kurudi ni dola 3,900. Ooleepika hushona kamiki, viatu vya ngozi ya sili, na jozi moja humchukua wiki mbili kwa dola 400. Hapa dukani boksi la maziwa ya unga ya mtoto linauzwa dola 58. Mshahara wa Leetia wa wiki mbili ni dola 2,250, na kwa nyumba yenye midomo saba haumfikishi hata siku ya kumi.

* * *

Huku hakuna mtu anayemuuliza msafiri ni saa ngapi au kilomita ngapi. Humuuliza: utalala mara ngapi? Neno lao ni sinik, kulala. Safari ya kwenda kuvua ni kulala mara moja. Kwenda kwa shemeji upande wa pili wa ghuba ni kulala mara nne, na barafu ikiwa mbaya ni mara sita. Huwezi kuhesabu kwa jua, maana wakati wa baridi halichomozi na wakati wa joto halizami. Unahesabu mara ulizolala. Kipimo hicho kinaingiza ndani dhoruba, njaa, mbwa aliyeumia na chai ya kungojea hali itulie.

Kipimo hicho hicho ndicho kilichomponza Leetia.

Miaka sita iliyopita binamu yake, Nuqinga, alikuwa wa kwenda kujifungua. Siku zile fomu ilijazwa kwa mkono. Kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa “Muda wa safari”, na Leetia, kama ambavyo yeyote wa kijijini kwake angefanya, aliandika 3. Alikuwa na maana ya kulala mara tatu. Kule kusini wakasoma saa tatu.

“Wakaona saa tatu ni kama kwenda sokoni na kurudi,” anasema. “Wakamnyima mtu wa kufuatana naye. Nuqinga akalala mara mbili kwenye benchi za uwanja wa Iqaluit, peke yake, anatafuta pa kuweka miguu. Mara ya pili uchungu ukamkuta pale pale.”

Mtoto alizaliwa karibu na mizani ya mizigo kabla gari la wagonjwa halijafika. Aliyempokea ni mfanyakazi wa usafi, mama wa Kifilipino aliyevua sweta lake likawa shuka. Msichana huyo leo yuko darasa la kwanza, ana afya na mdomo mrefu, na anaitwa Rosalinda kwa jina la yule mama. Wenzake humtania kwa kumwita Mzigo. Yeye hujibu kwamba yeye angalau alipimwa bure.

Watu wanacheka. Leetia huwa hacheki.

“Ile tatu niliandika mimi, kwa mkono huu. Lakini niambie, mwanamke wa wiki thelathini na saba, hata kama safari ni saa tatu, ndiyo umpeleke peke yake? Kosa langu ni la neno. La kwao ni la nini?”

Ofisi haikuomba radhi. Ilichofanya ni kuwapokonya makarani kile kisanduku. Tangu hapo kompyuta hukijaza yenyewe, na wanawake thelathini na mmoja wamesafirishwa kwa saa nne na dakika thelathini na tano. Leetia naye akanunua daftari la shule lenye jalada la kijani. Kila mwanamke anayeondoka anaandikwa humo, na anapofika salama anaandikiwa idadi ya mara alizolala. Nyingi ni mbili na tatu. Kuna tano. Kuna moja ya saba, ya dhoruba ya mwezi wa tatu mwaka juzi.

Wiki iliyopita alimpigia Kendra, afisa anayeshughulikia maombi ya Nuvukjuaq, akaweka simu kwenye spika ili Saimata aulizwe mwenyewe.

“Saimata, mpenzi, uko tayari kusafiri bila msindikizaji?”

Saimata akakunja pua. Kwa watu wa hapa kuinua nyusi ni ndiyo na kukunja pua ni hapana, na hapana ya Saimata ilikuwa kubwa, ilifika hadi kwenye mashavu.

“Halo? Saimata?”

“Amesema hapana,” Leetia akamwambia.

“Sijamsikia akisema.”

“Amekunja pua!”

Kendra akaaga. Kwenye barua iliyofuata kulikuwa na mstari wa tano, chini kabisa: “Mgonjwa hakutoa pingamizi.”

* * *

Saa tano asubuhi wanaisikia ndege. Wote wanasimama, hata wasio na safari. Upepo umeamka kutoka upande wa ghuba, theluji inapeperuka chini chini, na taa za uwanja zimebaki madoa ya njano. Mlio unapita juu ya paa, unakwenda upande wa kilima, unarudi. Wanaisikia, hawaioni.

“Anajaribu tena,” Jaypeetee anasema, redio sikioni.

Mlio unapita mara ya pili, chini zaidi, mpaka vikombe vinatetemeka. Ooleepika ameshika mkono wa mjukuu wake. Halafu mlio unakwenda, unakuwa mdogo, unakuwa wa upepo.

“Amerudi zake,” Jaypeetee anasema. “Labda kesho.”

Hakuna anayeshangaa. Mabegi yanatoka kwenye mizani, kamba za viatu zinafunguliwa kidogo. Leetia anawapakia bibi na mjukuu nyuma ya pikipiki ya theluji, mmoja kwenye kiti na mmoja kwenye sleji inayoburutwa nyuma, juu ya ngozi, na kwa kuwa nyumba yake ni ya karibu wanaishia kwake. Kuna samaki aliyegandishwa anayekatwa kwa kisu cha mviringo, mkate wa kukaanga, chai, na katuni kwenye televisheni.

“Bibi, umeshalala mara ngapi?” mtoto wa mwisho wa Leetia anamuuliza Ooleepika usiku wanapotandika magodoro.

“Hii ya kwanza, na bado naiona bahari yangu dirishani.”

Jumatano upepo haujatulia. Saa saba mchana simu ya ofisi ya Leetia inalia. Ni Kendra, na leo sauti yake ina haraka.

“Leetia, dereva wetu alikuwa Ottawa jana amesimama na bango mpaka jioni. Saimata hakutokea. Hosteli hawajamuona. Amekwenda wapi?”

“Hajaenda popote. Yuko kwangu, anakula.”

“Anakula wapi? Hapa kompyuta inasema amefika.”

Leetia anasimulia kwamba hapo ndipo alipohisi masikio yanamwaka. Miaka sita ya barua za adabu ilimpanda kooni kwa pamoja.

“Kama amefika, basi iambie kompyuta impikie! Imwoshe miguu, imevimba. Impeleke na chooni, maana huenda kila nusu saa. Dada, ndege haikutua. Imetupita juu ya kichwa mara mbili, ikarudi ilikotoka. Nilikutumia ujumbe.”

“Sikuuona. Lakini Leetia, hii ni safari ya saa nne na nusu. Alitakiwa kuondoka jana saa tano. Sasa imepita...” Vidole vya Kendra vikasikika vinagonga. “Imepita saa ishirini na sita!”

Leetia akaikaza simu sikioni.

“Halo?”

“Andika hiyo.”

“Niandike nini?”

“Hiyo uliyoisema. Saa ishirini na sita. Umeisema kwa mdomo wako, mimi sijakuwekea neno. Na bado mwenyewe hajaondoka.”

“Haiwezekani, kisanduku kinajijaza chenyewe.”

“Na ndege ikichelewa?”

Vidole vya Kendra vikaacha kugonga.

“Kendra, dada yangu, na ndege ikichelewa mnaandika wapi?”

“Kuna... kuna sehemu ya marekebisho,” Kendra akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. “Saa halisi za safari. Lakini hiyo huwa tunaijaza baada ya mgonjwa kufika, kwa ajili ya takwimu.”

“Kompyuta imeshasema amefika. Jaza.”

Zilipita dakika mbili. Saimata alikuwa amekwishaletwa, amesimama mlangoni na kipande cha mkate. Bibi yake alikuwa nyuma yake, na begi.

“Imekubali,” Kendra akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu sasa. “Ishirini na sita ni zaidi ya nane. Imetoa idhini ya msindikizaji yenyewe. Sijui kama wakubwa wangu... Nipe haraka jina la anayekwenda naye.”

“Ooleepika Ittuq.”

“Uhusiano na mgonjwa?”

Leetia akamtazama bibi kizee. “Niseme nini, bibi? Wewe ni nani wake?”

“Waambie ni binti wa mtoto,” Ooleepika akasema.

“Ni bibi yake,” Leetia akaiambia simu. “Tutaelezana siku nyingine.”

* * *

Ushindi huo haumtulizi Leetia, na asiyeelewa kwa nini, huyo hajawahi kulala kwenye benchi la uwanja na tumbo la miezi minane. Sehemu ya kuandika ukweli ilikuwepo miaka yote sita. Ilikuwepo kwa ajili ya takwimu. Wanawake thelathini na mmoja walipita juu yake kama ile ndege ilivyowapita, na kuna mtu alilipwa mshahara kuhakikisha haiguswi mpaka wafike.

“Wanajua kabisa saa nne na nusu si kweli,” anasema. “Wanazo saa za kweli, wamezifungia kabatini. Halafu mimi ndiye niliyekosea kwa kuandika tatu!”

Alhamisi upepo ulianguka na ndege ikatua adhuhuri, mbingu ikiwa na wekundu mwembamba upande wa kusini. Jaypeetee alimpima Ooleepika, akatangaza kilo hamsini na nne, akauliza kama hizo ni pamoja na ulimi. Wakapanda. Iqaluit ndege ya kwenda Ottawa ilikuwa imekwisha kuondoka, wakalala huko, safari hii kwenye chumba cha hoteli na si kwenye benchi, maana bibi alikataa kutoka kwenye kaunta mpaka alipopewa ufunguo.

Ijumaa jioni ujumbe uliingia kwenye simu ya Leetia: “Tumefika. Tumelala mara tatu. Kuna joto baya, Saimata anatokwa jasho, mama anacheza.”

Wiki tatu baadaye, Ottawa, mtoto wa kike alizaliwa kilo tatu na robo. Wakunga wanasema kabla hajakatwa kitovu kikongwe kimoja kifupi kiliwasogeza kwa viwiko, kikainama na kusema maneno machache kwa Kiinuktitut, lugha ya kwao. Saimata alimsimulia Leetia kwenye simu maneno yenyewe. Bibi alisema: “Mama, Qaunaq, umechelewa. Njoo tukale.”

Leetia sasa ana mambo mawili mkononi. La kwanza ni ombi lililotiwa saini na watu 311 wa Nuvukjuaq, likitaka fomu iulize mgonjwa atalala mara ngapi njiani, na mwenye kujibu awe mtu anayeishi huku. Majibu ya ofisi hayajaja. Kendra amemtumia ujumbe wa faragha kwamba analisukuma, na kwamba tangu siku ile hujaza marekebisho kabla mgonjwa hajaondoka. Ameshafanya hivyo kwa wanawake wawili, na anaogopa kidogo.

La pili ni binti yake wa kwanza, Geela, aliye mwaka wa pili wa masomo ya ukunga. Akimaliza anataka kurudi, na kijiji kimeomba vitanda viwili kwenye chumba ambacho leo zahanati inahifadhia maboksi. Qaunaq wa zamani alizalisha nusu ya wazee wa hapa kwa mwanga wa taa ya mafuta ya sili. Leetia mwenyewe alizaliwa mikononi mwake, kwenye nyumba ambayo bado ipo, mita mia mbili kutoka mezani pake.

Analifungua daftari la kijani. Kwenye mstari wa Saimata ameandika 3, na safari hii mbele yake ameongeza neno, kwa herufi kubwa zinazosomeka hata na mtu wa kusini: KULALA.

Kisha anafunua hadi ukurasa wa mwisho. Uko wazi, hauna hata mstari wa tarehe. Anaulaza kwa kiganja kama anayelaza nguo ya mtoto.

“Huu sitauandika mpaka azaliwe mtoto hapa hapa,” anasema. “Mama yake atalala kitandani kwake kabla, na atalala kitandani kwake baada. Njiani hatalala hata mara moja. Huu ni wa sifuri.”